Viwanja vidogo vya ndege: Nani agharamie, na alipie nini?

Rais William Ruto alipolitangazia Bunge mnamo Novemba 21, 2024 kwamba serikali imeufutilia mbali mpango wa kuikodishia kampuni ya Adani ya India uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), wabunge walilipuka kwa shangwe. Mpango huo wa dola bilioni 1.85 za Marekani ungeiachia kampuni hiyo uendeshaji wa uwanja kwa miaka 30. Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuusimamisha kwa muda, na wafanyakazi wa viwanja vya ndege walikuwa wamegoma mnamo Septemba 11 na kuwaacha abiria wengi wamekwama. Kwa miezi kadhaa taifa lilijadili usiri wa mkataba, hatima ya ajira na manufaa ambayo Kenya ingepata.

Swali moja halikupewa uzito uliostahili katika mjadala huo. Iwapo JKIA ingeondoka mikononi mwa umma, ni nani angewalipa wazimamoto wa Wajir, ama kununua taa za njia ya kurukia ndege kule Kisumu, ama kukarabati ua wa uwanja wa Malindi?

Hilo si swali la pembeni. Halmashauri ya Viwanja vya Ndege Nchini (KAA), iliyoundwa kwa sheria ya 1991, inasimamia viwanja visivyofanana hata kidogo. Upande mmoja kuna JKIA na uwanja wa Moi, Mombasa, ambako ndege kubwa za kimataifa hutua, maduka hukodishwa na mafuta huuzwa kwa wingi. Upande wa pili kuna Kisumu, Eldoret, Malindi, Ukunda, Manda kule Lamu, Wajir, Isiolo na Lokichoggio, pamoja na viwanja vingine vidogo ambavyo baadhi yavyo havijui ndege ya abiria ni nini isipokuwa siku ya mazishi ya mtu mashuhuri au sherehe ya kitaifa. Mapato ya vyote huingia katika chungu kimoja, na sehemu kubwa mno ya kilichomo chunguni hutoka JKIA. Humo ndimo viwanja vingine hupakuliwa.

Wanauchumi huuita utaratibu huo ruzuku ya ndani, na kwa asili yake hauna ubaya. Norway inautumia. Kampuni ya serikali ya Avinor huendesha zaidi ya viwanja 40, vingi vikiwa katika miji midogo ya pwani na visiwani, na ni vichache tu kama ule wa Oslo vinavyobeba mzigo wa vingine. Hispania nayo ilipouza asilimia 49 ya kampuni ya Aena mnamo Februari 2015, iliuza hisa za mtandao mzima wa viwanja 46 badala ya kumega vile vinono na kuiachia serikali mifupa. Tofauti ni kwamba huko watu wanajua nani anambeba nani, na kwa uzito gani. Nchini Kenya chungu kimefunikwa. Mkazi wa Nairobi anayepanda ndege kwenda Dubai hajui ni kiasi gani cha ada yake kinawasha taa za Lokichoggio, na mkazi wa Lokichoggio hajui kwamba anawashiwa.

Ili kuelewa kwa nini ruzuku hiyo haiepukiki, ni vyema kutazama gharama za uwanja mdogo zilivyo. Uwanja wa ndege si kama soko, ambako siku ya wachuuzi wachache matumizi nayo hupungua. Kanuni za kimataifa hupima idadi ya magari ya zimamoto kwa ukubwa wa ndege inayotua. Itue ndege moja kwa siku au kumi, gari lazima liwepo, maji na povu viwepo, na wazimamoto wawe macho. Vivyo hivyo kwa walinzi, mitambo ya kukagua mizigo, ua wa kuzuia ng'ombe na fisi, na lami isiyoruhusiwa kuwa na kokoto hata moja ya kuingia katika injini.

Sasa mapato yatazamwe. Ada ya huduma kwa abiria, ambayo kwa miaka mingi imekuwa Sh600 kwa safari za ndani na dola 50 kwa safari za nje, hukusanywa ndani ya bei ya tiketi. Tena KAA haiipati yote. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA) na Hazina ya Kukuza Utalii nazo zina fungu lao kisheria. Chukulia kwamba KAA ingebaki na kila shilingi. Ndege moja ya abiria 50 ikiondoka kila siku ikiwa imejaa, mwaka mzima bila kukosa, ingeleta Sh30,000 kwa siku, yaani takriban Sh11 milioni kwa mwaka. Uwanja wa Isiolo uligharimu kiasi cha Sh2.7 bilioni. Kwa hesabu hiyo ada za abiria zingehitaji karibu miaka 250 kurejesha fedha za ujenzi pekee, na hapo hajalipwa hata mlinzi mmoja. Ada za kutua na kuegesha ndege huongeza kidogo, lakini haziwezi kubadilisha picha.

Tume ya Ulaya, ambayo si mpole hata kidogo katika masuala ya ruzuku, ilikiri jambo hilo katika mwongozo wake wa 2014. Ilisema kwamba uwanja wenye abiria wasiofika 200,000 kwa mwaka huenda usiweze kulipia sehemu kubwa ya gharama zake za uendeshaji, na kwamba ni kuanzia abiria milioni tatu ndipo viwanja vingi huweza kujitegemea. Viwanja vingi vya mikoani nchini Kenya viko chini sana ya kiwango hicho. Kuvidai faida ni kumkama beberu.

Hasara yenyewe, basi, si kashfa. Kashfa ni kutojua hasara hiyo inanunua nini.

Eldoret ni mfano wa kale unaokumbukwa na wengi. Uwanja huo ulijengwa katikati ya miaka ya 1990, wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, na kufunguliwa 1997. Wafadhili wa kimataifa waliupinga tangu mwanzo, wakisema nchi iliyokuwa na barabara mbovu na hospitali zisizo na dawa haikuwa na haja ya uwanja mwingine wa kimataifa. Kwa miaka mingi walionekana kuwa na haki. Njia ya kurukia yenye urefu wa takriban kilomita 3.5 ilibaki ikiota jua.

Baadaye wafanyabiashara waligundua kwamba ndege za mizigo zingeweza kuleta bidhaa kutoka Dubai na Mashariki ya Mbali moja kwa moja hadi Eldoret. Nguo, simu na vifaa vya elektroniki vikaanza kushuka hapo usiku na mchana. Ndege hizo, hata hivyo, zilikuja zimejaa na kuondoka tupu, au zikapitia kwingine kutafuta shehena ya kurudi nayo. Sehemu ya sababu ni ya kimaumbile. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na ndege nzito inayotua bila taabu huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae na mzigo uleule. Ndiyo maana viongozi wa eneo hilo wamedai kwa miaka mingi njia irefushwe, wakitaja maua, parachichi na mboga za Bonde la Ufa.

Haifai kusema kwamba Eldoret ilikuwa kosa tupu. Ndege za abiria kutoka Nairobi zimezoeleka, wanariadha na wanafunzi wanazitumia, na mji wenyewe ulipandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024. Lakini manufaa hayo yalikuja kwa njia ambayo waliojenga hawakuipanga, na baada ya muda ambao mkopeshaji yeyote makini asingeukubali. Anayeitumia Eldoret kama ushahidi kwamba kila uwanja hatimaye hupata wateja anasahau ni nani aliyelipa wakati wa kusubiri.

Isiolo ni somo jingine. Uwanja huo ulizinduliwa 2017, mwaka wa uchaguzi mkuu, ukiwa sehemu ya ndoto kubwa ya ukanda wa LAPSSET, unaokusudiwa kuunganisha bandari ya Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini. Wakulima wa miraa wa Meru waliambiwa kwamba hawatalazimika tena kukimbiza magari yao hadi Wilson jijini Nairobi, kwani ndege zingechukua mzigo mlangoni pao. Ndege hazikuja kwa idadi iliyotarajiwa, na jengo la abiria limeshinda likiwa kimya siku nyingi.

Njia ya kurukia ya Isiolo ina urefu wa kilomita 1.4 hivi. Katika mahali penye joto na mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, urefu huo unazifungia mlango ndege kubwa za mizigo na pia ndege za abiria sabini na zaidi ambazo kampuni za bei nafuu huzitumia kupata faida. Soko la miraa nalo si la kutegemewa. Uingereza ilipiga marufuku zao hilo 2014, na Somalia ililifunga soko lake kutoka Machi 2020 hadi Julai 2022. Isitoshe, serikali hiyohiyo iliyojenga uwanja ilikamilisha karibu wakati uleule lami ya barabara kutoka Isiolo hadi Moyale, ikiunganika na ile ya Nairobi. Msafiri anayeweza kufika Nairobi kwa gari katika nusu siku, kwa nauli ndogo, ana sababu gani ya kununua tiketi ya ndege? Hakuna ubaya wa kujenga barabara. Ila mkono mmoja wa serikali ulikuwa ukiua soko ambalo mkono wa pili ulikuwa ukilijengea jengo.

Linganisha na Mandera, iliyo takriban kilomita 1,000 kutoka Nairobi. Magaidi walipolishambulia basi Novemba 2014 na kuwaua abiria 28, walimu na watumishi wengine wa umma waliogopa kurejea huko kwa barabara. Kwa mwalimu huyo, au kwa mama anayehitaji upasuaji ambao hospitali ya kaunti haiwezi kuufanya, ndege si anasa ya matajiri. Wajir nayo ina njia ndefu iliyojengwa kwa matumizi ya kijeshi, na kwa miaka kadhaa ndege kutoka Mogadishu zililazimishwa kutua hapo kwanza ili abiria wakaguliwe. Huo ulikuwa uamuzi wa usalama wa taifa, wala haukuwa wa kibiashara. Kama ni hivyo, kwa nini gharama yake ionekane katika vitabu vya KAA kana kwamba meneja wa Wajir ameshindwa na kazi?

Lokichoggio ndiyo inayosikitisha zaidi. Kuanzia 1989, Umoja wa Mataifa ulipoanza kupeleka chakula kusini mwa Sudan, mji huo mdogo wa Turkana uligeuka kuwa mojawapo ya vituo vikubwa zaidi vya misaada duniani. Ndege za mizigo zilipishana angani, mahoteli yakachipuka jangwani. Mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa saini Januari 2005, mashirika yalihamia Juba, na uwanja ukabaki na upepo. Hakuna aliyekosea hapo. Ila uwanja ambao kazi yake imekwisha unapaswa kuwa na utaratibu wa kupunguzwa ukubwa, kubadilishwa matumizi, au kukabidhiwa wengine. Katika chungu kilichofunikwa uamuzi kama huo hauna msukumo, kwa sababu hakuna anayeiona hasara ikipakuliwa.

Kwa hiyo kuna viwanja vya aina tatu, na vyote vinahesabiwa kama vya aina moja. Kuna vinavyoweza kujitegemea vikisimamiwa vizuri, na Kisumu yenye njia ya zaidi ya kilomita tatu na safari nyingi za kila siku za Nairobi ndiyo iliyo karibu zaidi na hapo. Ukunda, inayopokea watalii wa Diani, na Malindi zinaweza kuifuata. Kuna vinavyotoa huduma ya lazima na ambavyo havitapata faida kamwe, kama Wajir na Mandera. Kisha kuna vile vilivyojengwa kwa sababu mtu fulani alitaka vijengwe. Hivi vya mwisho hufaidika mno na giza la chungu, kwa maana hujificha nyuma ya vile vya huduma ya lazima.

Hispania ilijifunza kuhusu aina hiyo ya mwisho kwa gharama kubwa. Uwanja wa Ciudad Real, kusini mwa Madrid, ulianza kupokea ndege 2008. Ulimilikiwa na watu binafsi lakini ukategemea fedha za benki ya akiba ya jimbo, na uligharimu zaidi ya euro bilioni moja. Ulifungwa 2012 kwa kukosa ndege. Katika mnada wa 2015 aliyejitokeza alitoa euro 10,000, bei ambayo pengine haingenunua gari moja la zimamoto, na mwaka uliofuata ukauzwa kwa euro milioni 56 hivi. Ule wa Castellón, uliojengwa kwa fedha za umma, ulizinduliwa kwa sherehe 2011, na ndege ya kwanza ya kibiashara ikasubiriwa hadi 2015. Anayeamini kwamba kuleta mwekezaji binafsi kunaponya kila ugonjwa atazame Ciudad Real. Anayeamini kwamba umiliki wa umma ni kinga atazame Castellón.

Mfano unaoihusu Kenya kwa karibu zaidi, hata hivyo, uko Brazil. Mnamo 2012 serikali ya nchi hiyo iliupiga mnada uendeshaji wa viwanja vyake vinono, vikiwemo Guarulhos cha São Paulo na kile cha jiji kuu la Brasília, kila kimoja peke yake. Fedha nyingi ziliahidiwa. Lakini shirika la umma la Infraero, lililokuwa likiendesha viwanja vyote kwa chungu kimoja kama KAA, lilijikuta limebaki na viwanja vingi vya hasara huku mapato yake makuu yamekwenda zake. Hazina ya serikali ikalazimika kuziba pengo.

Brazil ikabadilisha mkondo. Kuanzia 2019 ilivipiga mnada viwanja kwa mafungu, kinono kikifungwa pamoja na vikonde. Mwaka huo viwanja 12 vilitolewa katika mafungu matatu. Agosti 2022 uwanja wa Congonhas, ulio katikati ya jiji la São Paulo na unaotamaniwa na kila mwekezaji, uliwekwa katika fungu moja na viwanja vingine kumi vya majimbo ya mbali. Aliyeutaka Congonhas alilazimika kuvichukua na vingine, pamoja na wajibu wa kuvikarabati. Aena ya Hispania ilishinda.

Hapo ndipo mjadala wa Adani ulipopaswa kufika. Pendekezo la Kenya Airways la kuitwaa JKIA, lililokataliwa na Bunge 2019, lilikuwa na tatizo hilohilo, na lile la 2024 likalirudia. Lilihusu uwanja mmoja, ule unaolisha vingine. Hata kama mkataba ungekuwa wazi kama maji ya kisima na mwekezaji awe mwaminifu kuliko wote, bado ungeiacha KAA na familia bila mwenye kuleta mkate. JKIA bado inahitaji jengo jipya la abiria, na fedha za kulijenga hazijashuka kutoka mbinguni, hivyo haitashangaza mwekezaji mwingine akibisha hodi. Siku hiyo swali la kwanza halipaswi kuwa atalipa kiasi gani. Linapaswa kuwa ni viwanja gani vingine anavyovichukua pamoja na JKIA, ama, ikiwa havichukui, ni fungu gani la mapato ya JKIA litakalotengewa viwanja hivyo kisheria, mbali na mikono ya wanaoandaa bajeti ya mwaka.

Ubinafsishaji si lazima. Scotland imeviweka viwanja vyake 11 vya nyanda za juu na visiwani chini ya kampuni moja inayomilikiwa na serikali, na kimojawapo, cha kisiwa cha Barra, ni ufuo wa mchanga ambao ratiba ya ndege hufuata maji kupwa na kujaa. Hakuna anayetarajia faida kutoka Barra. Serikali hutaja ruzuku yake waziwazi, na mlipa ushuru anaweza kuikubali au kuigombea. Hicho ndicho KAA imekosa. Hesabu za kila uwanja, mapato na matumizi, zikichapishwa kila mwaka, Wajir ingeacha kuonekana mzigo na ingeonekana kama ilivyo, yaani huduma ambayo taifa limeamua kuilipia. Fedha zake zingetoka Hazina Kuu kwa mkataba wa huduma: uwanja uwe wazi saa kadhaa, wazimamoto wawepo, ndege za wagonjwa zipokelewe usiku. JKIA isingelazimika kuibeba peke yake.

Hatari ya kuitegemea JKIA pekee ilidhihirika mwaka wa Covid. Safari za kimataifa za abiria zilisimamishwa Machi 25, 2020 na hazikurejea hadi Agosti 1. Chungu kilikauka kwa miezi minne, na viwanja vyote vikahisi njaa kwa pamoja, hata vile ambavyo huduma yake ilihitajika zaidi wakati huo kwa kupeleka dawa.

Kuhusu kuzipa ndege zenyewe ruzuku ili ziende mikoani, tahadhari inahitajika. India ilianzisha mpango wa UDAN mnamo 2016, ambapo kampuni za ndege hushindania njia za miji midogo, na anayeomba ruzuku ndogo zaidi hupewa. Mkaguzi wa hesabu wa nchi hiyo aliripoti 2023 kwamba zaidi ya nusu ya njia 774 zilizotolewa hazikuanza kabisa, na ni 54 tu zilizoendelea baada ya miaka mitatu ya ruzuku kumalizika. Mpango huo uliwafaa watu fulani mahali fulani, lakini fedha za miaka mitatu haziwezi kuzalisha wasafiri mahali ambapo hawapo.

Na serikali za kaunti je? Magavana wengi wanataka viwanja vya ndege, na si ajabu, kwani uwanja ni kitu kinachoonekana. Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, imeiachia serikali ya kitaifa jukumu la usafiri wa ndege. Hata hivyo kifungu cha 187 kinaruhusu serikali hizo mbili kuhamishiana majukumu kwa makubaliano. Canada ilichukua njia inayokaribiana na hiyo kuanzia 1994, ilipovikabidhi viwanja vya mikoani kwa manispaa na asasi za wenyeji, huku serikali kuu ikibaki na hazina ya kugharamia vifaa vya usalama. Manispaa ndogo kadhaa zimelia tangu hapo kwamba zilipewa mzigo kuliko mgongo.

Kaunti za Kenya, zenye madeni ya wanakandarasi yasiyolipwa na mapato madogo ya ndani, hazingeweza kubeba zimamoto na lami ya njia ya kurukia. Kilicho ndani ya uwezo wao ni upande wa nje ya ua: barabara ya kufika uwanjani, maji, soko la mazao, vibali vya hoteli na maghala ya baridi. Kaunti ikitoa hivyo, na ikapata fungu la kodi za maduka na maghala yaliyo katika ardhi ya uwanja, itakuwa na sababu ya kutafuta mashirika ya ndege na wauzaji wa samaki au maembe. Kwa sasa gavana hapati hata shilingi uwanja ukifanikiwa, wala hapotezi chochote ukilala. Ndiyo maana ni rahisi kwake kuomba uwanja, na vigumu kuushughulikia ukishajengwa. Pengine sharti moja lingepunguza maombi hayo: kaunti inayotaka uwanja mpya ichangie sehemu ya gharama za uendeshaji kwa miaka ya mwanzo, kutoka katika bajeti yake.

Ardhi ni sura nyingine ambayo haiwezi kurukwa. Mpango wa kurefusha njia ya Malindi kutoka kilomita 1.4 hadi 2.5, ili ndege za watalii kutoka Ulaya zitue moja kwa moja, umekwama kwa miaka mingi katika suala la fidia kwa wakazi. Fidia hiyo inapanda kila mwaka unaopita, kwa sababu ardhi iliyotangazwa kuwa itatwaliwa na serikali huwavutia walanguzi. Mwenyeji wa kweli hukaa hapo bila kujenga nyumba ya kudumu, akingoja hundi isiyokuja. Wakazi wa Syokimau, waliobomolewa nyumba zao Novemba 2011 katika ardhi ambayo KAA ilisema ni yake, wanajua upande mwingine wa uzembe huohuo. Kiwanja kisicho na hatimiliki safi hakiwezi kukodishwa kwa mwekezaji wa hoteli au ghala, na basi mapato yasiyotokana na ndege, ambayo ndiyo tegemeo la viwanja vya ng'ambo, hubaki kwenye makaratasi.

Isiolo ina mkanganyiko wa ziada. Jengo la abiria liko katika kaunti ya Isiolo, lakini sehemu kubwa ya njia ya kurukia iko Meru, na mpaka kati ya kaunti hizo mbili una mgogoro wa miaka. Makubaliano yoyote ya kugawana mapato au gharama za uwanja huo yatahitaji sahihi za magavana wawili ambao hawajakubaliana uwanja wenyewe unaanzia wapi.